Muhuri wa Noteri Rwezamenyo Unathibitisha Nini?

Rwezamenyo ni sekta ndogo ya Wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali. Imebanana na Nyamirambo na Nyakabanda, na ina seli nne tu: Kabuguru ya kwanza na ya pili, Rwezamenyo ya kwanza na ya pili. Kijana wa hapa anayeomba kazi huambiwa alete nakala ya diploma "iliyothibitishwa". Mama anayesafiri kwenda Dubai anataka kumwachia dada yake mamlaka ya kupokea kodi ya nyumba. Mfanyabiashara anakopesha pesa na hataki kubaki na ahadi ya mdomo. Mzee anauza kiwanja. Wote wanne wanatafuta kitu kimoja, kashe, yaani muhuri wa noteri, na wote wataondoka na karatasi zinazofanana kwa sura. Huduma walizopewa, hata hivyo, ni nne tofauti, na kila moja ina uzito wake mbele ya sheria.

Kutozitenganisha huduma hizo ndiko kunakotugharimu. Sehemu kubwa ya kazi tunayompelekea noteri ingefutwa kesho na hakuna ambaye angedhurika; na ile sehemu ambayo kweli inamhitaji tunaipitisha mbio, kana kwamba nayo ni fotokopi.

Tuanze na alilofanyiwa kila mmoja. Kwa kijana, noteri ameitazama diploma halisi, ameitazama fotokopi, amesema zinafanana. Hakusema kwamba chuo kilimtunuku diploma hiyo. Hana njia ya kulijua hilo kwa kutazama karatasi. Kwa mfanyabiashara, amethibitisha kwamba waliosaini mkataba wa deni ni wenye vitambulisho alivyoonyeshwa, na kwamba walisaini mbele yake. Kama deni lenyewe ni la halali au ni la mzaha, hilo si lake. Mama wa Dubai naye ametoa hati ya uwakala: hapo noteri anapaswa kuhakikisha kwamba anayekabidhi mamlaka ana akili timamu, hakulazimishwa, na anajua anachokabidhi, maana karatasi hiyo ikiandikwa vibaya dada anaweza kuuza nyumba aliyoambiwa aiangalie tu. Mzee wa kiwanja ndiye mwenye jambo zito kuliko wote, na nitamrudia.

Katika mfumo wa sheria ulioachwa na Wabelgiji, ambao Rwanda imeurekebisha sana lakini haikuutupa, mkataba uliopita kwa noteri unakuwa hati rasmi. Tofauti yake na karatasi ya watu wawili huonekana siku ya kesi. Karatasi ya kawaida, mwenzako anaweza kuikana saini yake, na wewe ndiye utakayehangaika kuithibitisha. Hati rasmi, anayeipinga ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba imeghushiwa.

Kwa majirani waliotawaliwa na Mwingereza mambo ni mengine. Kenya na Tanzania hazina noteri wa aina hii. Zina wakili mwenye muhuri. Kenya inamtaka wakili awe amefanya kazi kwa miaka isiyopungua 5 kabla Jaji Mkuu hajamteua kuthibitisha hati. Tanzania ina sheria moja, Sura ya 12, inayoshughulikia pamoja uthibitishaji wa hati na ukamishna wa viapo, na kwa Mtanzania dawa ya karibu kila tatizo la karatasi ni kiapo: jina limekosewa, apa, cheti kimepotea, apa, mtoto hakuandikishwa, shangazi aape. Mswahili wa Dar es Salaam akihamia Nyamirambo hushangaa kukuta kwamba hapa haulizwi wakili ni nani, anaulizwa anakaa sekta gani.

Swali hilo lina sababu yake. Kwa miaka mingi noteri wa karibu na Mnyarwanda amekuwa katibu mtendaji wa sekta, ambaye mitaani huitwa gitifu. Huyohuyo anasimamia usafi, usalama, umuganda (kazi ya pamoja ya jamii) na mikutano ya wananchi. Huyohuyo anafungisha ndoa za kiserikali. Kando yake huwekwa afisa wa irangamimerere na notariya, yaani uandikishaji wa raia na uthibitishaji wa hati. Rwanda ina sekta 416, na mpangilio huu uliifikisha huduma hiyo vilimani, mahali ambapo hakuna wakili ambaye angefungua ofisi. Nchi chache za bara letu zinaweza kujisifu hivyo. Lakini mpangilio huo una kasoro ambayo haizungumzwi vya kutosha. Noteri anapaswa kuwa mtu asiye na upande, na gitifu ni mtendaji wa serikali mwenye malengo ya kutimiza na wakubwa wa kuwaripoti. Mwananchi mwenye mgogoro na sekta kuhusu kibanda chake analazimika kumpelekea mtu yuleyule karatasi atakazozitumia kujitetea. Sisemi kwamba anaonewa; nasema asiwekwe katika nafasi ya kuogopa.

Sheria ya tarehe 21 Mei 2014 kuhusu notariya ilifungua mlango kwa manoteri binafsi, wanasheria wanaofanya kazi hiyo kwa ofisi zao wenyewe. Tangu hapo mkazi wa jiji anaweza kuchagua. Ofisi ya binafsi ina haraka na wakati mwingine inafungua hata siku ambayo sekta imefunga. Ada yake ndiyo inayomrudisha mtu wa kipato kidogo kwenye benchi la sekta. Kwa hiyo uhuru wa kuchagua noteri asiye na cheo serikalini upo, ila una bei.

Kwa nini basi karatasi zina uzito kiasi hiki katika mitaa hii? Nyamirambo, na Biryogo iliyo jirani, ilikuwa makazi ya Waswahili tangu enzi za ukoloni: askari, wachuuzi, mafundi na makarani waliotoka pwani, Manyema, Ujiji na Bukoba. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Kizazi cha watu hao kina babu aliyezaliwa Kigoma, nyanya wa Bujumbura, ndoa iliyofungwa Bukavu. Halafu miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila kwenye kitambulisho, na mwaka 1994 neno hilo moja likawa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Baada ya mauaji ya kimbari kulikuwa na watu waliopoteza kila karatasi, na wengine waliorejea kutoka Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo wakiwa na vyeti vya nchi nyingine, kwa lugha nyingine, vyenye majina yaliyoandikwa kwa tahajia za wageni. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "thibitisha wewe ni nani" haichukulii kuwa kazi ya karani. Nchini Rwanda leo kitambulisho kina tarakimu 16, ndani yake mwaka wa kuzaliwa na jinsia, na hakina kabila.

Sasa turudi kwa yule kijana na diploma yake. Nakala iliyopigwa muhuri inamlinda nani? Tazama yaliyotokea Tanzania. Matangazo ya kazi za serikali huko yamezoea kudai vivuli vya vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Pamoja na mihuri yote hiyo, tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliokuwa wakitumia vyeti vya wenzao au vya kuchapisha mtaani hawakunaswa na muhuri wa wakili. Walinaswa majina na namba zao zilipolinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Daftari ndilo lililosema. Na ni wazi kwa nini: kama cheti chenyewe ni cha kughushi, wakili anaweza kuthibitisha kwa uaminifu kabisa kwamba fotokopi inafanana na uongo ulio mbele yake. Nasser Road ya Kampala na River Road ya Nairobi zimejijengea jina kwa ustadi wa kuchapisha, na mwenye mashine ya kutengeneza diploma hashindwi kutengeneza muhuri wa mpira.

Rwanda inalielewa hili kuliko wengi. Mwaka 2009 iliondoa sharti la kupitisha kwa noteri hati za kuanzisha kampuni, ikaweka katiba za mfano zilizo tayari, na hatua za kuandikisha biashara zikashuka kutoka 8 hadi 2. Kampuni hazikuwa hewa kwa kukosa kashe. Mwaka 2015 ukaja mfumo wa Irembo, na tangu hapo cheti cha kuzaliwa au cha kutokuwa na hatia kinaombwa kwa simu, kinalipiwa kwa pesa za simu (MoMo), na kinatoka kikiwa na alama ambayo ofisi yoyote inaweza kuikagua moja kwa moja kwenye mfumo wa serikali. Hospitali nazo zimekuwa zikiandikisha watoto palepale wanapozaliwa tangu mwaka 2020. Kwa cheti cha aina hiyo, kumwambia mtu achapishe, atoe fotokopi, kisha aipeleke kwa noteri ni kichekesho. Unampa mtu wa sekta athibitishe kwa macho kile ambacho kompyuta ya dola tayari imekithibitisha.

Bado watu wanatumwa kwa noteri. Nimejiuliza sana sababu yake, na sidhani ni ujinga. Afisa anayepokea maombi anataka kivuli cha kujificha: jambo likiharibika, aonyeshe kwamba kulikuwa na muhuri. Muhuri unahamisha lawama kutoka mezani kwake. Gharama ya kinga hiyo anailipa mwombaji, kwa ada, kwa nauli na kwa nusu siku ya kazi. Tena kuna madhara yasiyoonekana: kila fotokopi ya kitambulisho inayoachwa kwenye kibanda cha fotokopi au kwenye faili la mwajiri ambaye hakukuajiri ni taarifa zako zinazozagaa. Rwanda imekuwa na sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu Oktoba 2021, na sharti mojawapo la msingi la sheria za aina hiyo ni kutodai taarifa zaidi ya zinazohitajika. Mwajiri anayetaka vyeti vilivyothibitishwa kutoka kwa waombaji wote, wakati atamwita mmoja tu kazini, anapaswa kulisoma upya sharti hilo.

Kwa mzee wa kiwanja hali inageuka kabisa. Rwanda iliandikisha ardhi ya nchi nzima katika miaka michache, kazi iliyokamilika kufikia 2013, na vipande zaidi ya milioni 10 vikapewa namba. Namba hiyo, UPI, inaanza na mkoa au jiji, inashuka wilaya, sekta na seli, kisha kipande chenyewe. Tangu Januari 2023 hati ya karatasi imeacha kutolewa, hati ni ya kielektroniki. Mtu angedhani basi na hapa noteri hana kazi: daftari lipo, lisomwe. Lakini daftari linajua nani ni mmiliki leo. Halijui kama anauza kwa hiari, kama mkewe anajua, kama mtoto wake amemleta kwa hila, kama anaelewa kwamba anachosaini ni mauzo na si rehani. Hayo yanajulikana kwa kukaa na mtu, kumtazama usoni na kumuuliza.

Ndiyo maana sheria inadai uhamisho wa ardhi upite kwa noteri wa ardhi, na ndiyo maana inadai ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Ardhi ya wanandoa Rwanda huandikwa majina ya wote wawili pamoja na fungu la kila mmoja. Mume hawezi kwenda peke yake akauza. Sharti hilo limeokoa wanawake wengi wasifukuzwe kwenye nyumba waliyoijenga, na nguvu yake yote iko mikononi mwa noteri: akikubali simu badala ya mtu, au saini iliyotangulia kuletwa kwenye karatasi, ulinzi umekwisha.

Hapa mitaa ya Waislamu ina tatizo lake mahsusi. Katiba ya Rwanda inaitambua ndoa moja tu, ile ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja. Nikaha ya msikitini, hata ikiwa na mashahidi mia na cheti kizuri, haimfanyi mke kuwa mwenzi mbele ya noteri wa ardhi. Wapo waliofunga nikaha na hawakwenda sekta. Wapo wake wa pili ambao sekta haiwezi kuwaandika kamwe. Kiwanja kikinunuliwa kwa jina la mume pekee, noteri atakapouliza "una mke?" daftari litajibu kwamba ni mseja, na hakuna ridhaa itakayotafutwa. Kuna njia ya halali ya kujikinga, nayo ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri: watu wawili wanaweza kuandikishwa kama wamiliki wenza wa kiwanja bila kujali ndoa yao, kila mmoja na asilimia yake. Lakini hilo lafaa kufanywa siku ya kununua. Baada ya talaka au mazishi, noteri hana la kukusaidia.

Katika mambo ya aina hii ndipo ningetaka noteri atumie muda wake. Asome mkataba kwa sauti. Ausome kwa lugha ambayo mwenye kusaini anaielewa; Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na kwa mzee wa Nyamirambo si mapambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni lugha aliyolelewa nayo. Mikataba ya mikopo ya benki mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mtu anaweka nyumba dhamana kwa maneno ambayo hajayasikia. Noteri mwenye foleni ya fotokopi mlangoni hana dakika za kufanya hivyo. Ondoa fotokopi, atazipata.

Imebaki safari ya nje. Zamani, na kwa nchi nyingi hata leo, cheti cha Kigali ili kikubalike ugenini kilipaswa kupanda ngazi: noteri, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Kila ngazi inathibitisha saini ya ngazi iliyo chini yake, na hakuna hata moja inayorudi kuuliza kama maneno ya cheti ni ya kweli. Pasipokuwa na ubalozi Kigali, karatasi zilisafiri kwanza hadi Nairobi au Kampala ndipo mwenyewe asafiri.

Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 ulikusudia kuivunja ngazi hiyo. Nchi mwanachama inateua mamlaka yake, mamlaka hiyo inaambatisha apostili, karatasi ya mraba yenye vipengele 10 na kichwa cha Kifaransa, na wanachama wenzake wanapokea bila kudai kingine. Hata apostili haidai makubwa: inathibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri. Diploma ya uongo iliyosainiwa na msajili wa kweli itapata apostili bila shida. Mkataba huo ulianza kufanya kazi kwa Rwanda tarehe 5 Juni 2024. Burundi iliitangulia kwa miaka 9, jambo ambalo watu wa Kigali hawapendi kukumbushwa.

Kwa anayekwenda Ghuba, faida inategemea anashukia wapi. Oman imo katika mkataba tangu 2012, Saudi Arabia tangu Desemba 2022. Kwa hizo apostili inatosha. Falme za Kiarabu na Qatar hazikuwamo kufikia mwisho wa 2024, kwa hiyo vyeti atakavyobeba yule mama wa Dubai vilikuwa bado vinapanda ngazi yote. Apostili pia haihusu hati zinazotolewa na mabalozi wenyewe, wala hati za kiutawala zinazohusu moja kwa moja biashara na forodha. Hili la pili lafaa wachuuzi wa mipakani walijue kabla ya kulipa.

Lakini kinachoudhi zaidi kiko karibu. Tangu Januari 2014 Mnyarwanda anaingia Uganda na Kenya kwa kitambulisho tu, na wao vivyo hivyo kwake. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wana makubaliano ya kutambuliana taaluma ndani ya Jumuiya, na itifaki ya soko la pamoja imekuwa ikitumika tangu Julai 2010. Mtu anavuka mpaka kwa kadi, halafu cheti chake cha kuzaliwa kinasimamishwa kama mgeni. Bwana harusi wa Rwezamenyo anayemuoa binti wa Mwanza atathibitisha useja wake kwa mihuri mingi kuliko anayeoa Muscat, Oman. Hakuna sababu ya kitaalamu ya hali hii. Daftari za uzazi na ndoa zipo pande zote, Tanzania ina wakala wa usajili, RITA, unaohakiki vyeti vya kuzaliwa kwa njia ya mtandao, na Rwanda ina Irembo.

Kufikia mwisho wa 2024 Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo zilikuwa bado nje ya mkataba wa The Hague. Kujiunga hakudai jengo jipya wala mkopo: ni kuwasilisha hati ya kujiunga na kutaja ofisi itakayotoa apostili. Wabunge wa Nairobi, Kampala, Dodoma na Kinshasa waulizwe wanasubiri nini. Na waajiri wa Kigali wanaodai nakala zenye kashe wakati cheti kina alama ya kukaguliwa kwenye simu, waache kuanzia tangazo lao lijalo la kazi.